Kimya cha Mpaka Saa Saba

Nawategea, na anayejua aseme: wawili wana kitanda kimoja, godoro moja, shuka moja, na katika miaka thelathini na mmoja hawakuamka pamoja hata asubuhi moja.

Kuna mtu ameshajibu jua na mwezi. Sio hao. Mwingine atasema usiku na mchana. Huyo amekaribia lakini hajafika. Msihangaike kunipa mji, nitategua mwenyewe. Ni Sista na mumewe Fundi, wa ile nyumba ya kona yenye mlango wa kijani.

Sista alikuwa nesi wa zamu ya usiku, wodi ya wanaume. Alitoka nyumbani saa kumi na mbili jioni, akarudi saa mbili asubuhi macho yakiwa mazito kama mawe. Fundi alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, zamu ya mchana, anaingia saa nane na kutoka saa nne ya usiku. Kwa hiyo mmoja akipanda kitandani mwenziwe ameshashuka. Lakini Fundi alikuwa na adabu yake ya mapenzi: alishuka dakika chache tu kabla mkewe hajafika, ili amwachie upande wenye joto. Sista alijikunja pale pale kama kifaranga, akalala hadi saa saba. Wakala pamoja, wakatazamana nusu saa, Fundi akavaa kofia yake akaenda. Hata siku za mapumziko mwili wa Sista ulikuwa umeshaapa kwamba asubuhi ni ya kulala. Mapenzi yao yote yaliingia kwenye nusu saa ile. Na mkitaka kuniuliza watoto watatu walipatikana lini, nitawaambia likizo zilikuwepo, tuishie hapo.

Dada yake Fundi hakuupenda mpango huo tangu siku ya posa. Alisema kaka yake haoi mke, anaoa mgeni wa kuja kula chakula cha mchana. Maneno hayo Sista aliyameza, akayakalia miaka yote, akijiambia kwamba ipo siku atastaafu, na siku hiyo asubuhi zote zitakuwa zake na mumewe.

Siku hiyo ikafika. Fundi alitangulia kustaafu kwa miezi minane, Sista akamfuata. Hospitalini waliwafanyia wastaafu semina, mshauri akasema mstaafu asiye na utaratibu wa asubuhi ni kama mashua iliyokatika kamba, akawagawia karatasi. Sista aliichukua karatasi ile kama vile ameandikiwa dawa. Akaiandika upya kwa mwandiko wake wa mviringo wa kwenye chati za wagonjwa, akaibandika mlangoni jikoni. Saa kumi na mbili kuamka pamoja, glasi ya maji, kujinyoosha. Saa kumi na mbili na nusu kutembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Saa moja chai barazani, na maongezi. Neno maongezi alilipigia mistari miwili.

Fundi hakubisha. Aliamka, akanywa maji huku uso umekunjamana, akajinyoosha kama paka mzee, akatembea bega kwa bega na mkewe hadi mwisho wa mtaa. Shida ilikuwa barazani. Chai ikishamiminwa, Fundi anakuwa gogo. Hasemi. Anakoroga chai yake kwa kijiti cha mti, anakiweka kikombe mezani taratibu kama anaweka yai, anatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sista humwuliza hili na lile, usingizi ulikuwaje, lile tundu la paa ataliziba lini, na asichokipata ni jibu. Mara nyingine huona midomo ya mumewe ikicheza kidogo, akajua ananung'unika. Siku moja alimwuliza anasema nini. Fundi akaichezesha tena ile midomo, akainua mabega, akanywa chai. Sista akaona amebezwa.

Cha kuumiza ni kwamba ikifika saa saba, mtu yule yule sauti inamtoka kama king'ora. Anasimulia visa vya msimamizi wao aliyenaswa suruali na mtambo, anacheka mwenyewe kabla hajamaliza, anamtania mkewe hadi anamwambia aache, majirani wanasikia. Mchana ana mume. Asubuhi ana sanamu.

Unesi ulimfanya kwanza aogope ugonjwa. Akamkalisha, akamwambia ainue mikono yote miwili, atabasamu, afuate tochi kwa macho. Fundi akatii, mzima wa afya. Basi kama si ugonjwa, ni moyo. Na wifi alipopita siku moja kusalimia, Sista akajikuta amelitoa dukuduku lake, kosa ambalo hata mtoto angemwonya. Wifi alisikiliza, akasonya kwa huruma, akasema mambo yako wazi. Asubuhi zilikuwa za kaka yake peke yake miaka thelathini na mmoja, zilikuwa kama mke mwenza, na leo Sista amemfukuza mke mwenza bila kuuliza.

"Nyinyi mlidumu kwa kupishana, wifi," alisema akijifunga mtandio kuondoka. "Msilazimishe kugongana."

Maneno hayo hayakumtoka Sista. Alilala nayo, akaamka nayo. Alianza kumtazama Fundi kwa jicho la pembeni, akiona kila kitu ni ushahidi. Alipozivua miguu ya viti vile vitambaa vichakavu vilivyofungwa tangu zamani, ili nyumba ionekane safi, Fundi alisimama akavitazama kama mtu aliyeona kaburi limefukuliwa. Sista akajua: hata vitambaa vina thamani kuliko mimi.

Mwezi wa nne tangu astaafu ndipo ilipokuja simu kutoka nyumba moja ya kutunzia wazee, mji wa pili. Walitaka nesi wa usiku mwenye uzoefu. Chumba cha kulala kipo hukohuko, nyumbani ni mwisho wa mwezi. Sista alisema atafikiri. Alifikiri wiki nzima, na alichofikiri si kazi. Alifikiri joto lile la upande wa kitanda, jinsi lilivyomtosha alipokuwa hajui zaidi.

Siku ya kujibu ikawadia. Walitembea hadi mwisho wa mtaa, wakarudi, wakakaa barazani. Sista alimimina chai, akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Baba watoto," alisema, "wale watu wa nyumba ya wazee wanataka jibu leo. Sitaki kuamua peke yangu halafu kesho niambiwe nilikukimbia. Niambie wewe. Niende au nibaki?"

Hakuweza kumtazama usoni. Mwanamke aliyewafumba macho marehemu bila kutetemeka, swali moja kwa mumewe lilimshinda kulisimamia. Aliyaelekeza macho kwenye kikombe, akawa anahesabu kimoyomoyo kama anapima mapigo ya mgonjwa. Sitini. Sitini nyingine. Kimya. Ndege akalia kwenye waya, akanyamaza naye.

Alipoinua kichwa, Fundi alikuwa amemkazia macho, macho yenyewe yamelowa, ameegemea mbele kidogo. Alikuwa kama mtu anayesubiri. Kama vile yeye ndiye aliyeuliza.

Sista hakuelewa, na asichoelewa akakitafsiri vibaya, ndivyo moyo uliochubuka unavyofanya.

"Basi," alisema. "Nimekuelewa."

Akainuka na kikombe chake. Aliuona uso wa mumewe ukianguka kama pazia lililokatika kamba, akauona vizuri kabisa, na bado akaingia ndani. Alipiga simu, mkuu wa nyumba ya wazee akafurahi, akasema gari litamfuata saa nne. Kisha akampigia binti yao mkubwa, yule mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa likizo, akamwomba amletee lile begi lake kubwa. Binti aliuliza safari ya wapi. Sista akasema aje, atamweleza.

Binti alifika saa tatu na dakika chache, akapitia mlango wa jikoni kama kawaida ya watoto wa nyumba ile. Sista alikuwa chumbani anakunja nguo, na mlango ulikuwa nusu wazi. Ndipo alipoona jambo lililomfanya aache gauni likining'inia mkononi.

Fundi alikuwa kwenye jiko. Alimgeukia binti yake, midomo ikacheza. Binti akatua begi chini, naye akachezesha midomo, akaongeza na mkono, akakata hewa kama anayekata uzi. Fundi akatikisika mabega. Binti akatikisika mabega. Walikuwa wanacheka, tena kicheko cha watu wanaoelewana sana, na haikutoka sauti hata ya kumwamsha nzi. Kisha Fundi akachezesha midomo kwa kirefu, taratibu, na kicheko cha binti kikafa. Akamwekea baba yake mkono begani. Fundi akainama, akaokota viatu vyeupe vya kazi vya mkewe vilivyokuwa karibu na mlango, akachukua na kopo la dawa ya viatu, akatoka uani.

Binti alipoingia chumbani alimkuta mama yake amekaa kitandani, midomo imekazwa.

"Wewe anakuchekea," Sista alisema.

"Nani?"

"Baba yako. Miezi minne asubuhi sijamwona jino. Wewe umeingia sasa hivi tu, anakuchekea. Mmekuwa mkinisema nini huko?"

"Mama, ameniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia nimekunywa ya mume wangu, haina ladha. Ndiyo tukacheka."

"Mbona sikusikia?"

Binti alimtazama mama yake kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali ambalo wenzake wote walishalijibu mwaka jana.

"Utasikiaje na ilikuwa ni asubuhi? Baba asubuhi hana sauti."

Sista akasema hiyo ndiyo habari anayoilia yeye, kwamba hana sauti, hana neno, hana jibu. Binti akasema maneno anayo, tena mengi, kupita kiasi. Akakaa kitandani karibu na mama yake, akaanza kumweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kushangaa kwamba analazimika kueleza.

Kiwandani kwa Fundi kulikuwa na mitambo mia mbili ya kufuma katika jengo moja. Mtu ukipiga kelele pale, hata wewe mwenyewe hujisikii. Kwa hiyo wafanyakazi wote walizungumza kwa midomo mitupu na mikono, wakatumana, wakatukanana, wakapeana pole za misiba, bila sauti. Fundi aliichukua lugha hiyo akaileta nyumbani. Aliwafundisha watoto wake watatu wangali hawajaanza shule. Kuanzia mama anapoingia kitandani hadi saa saba, nyumba nzima ilizungumza kwa midomo. Waliulizana mahali ilipo soksi kwa midomo. Waligombana kwa midomo. Fundi aliwaimbia kwa midomo, na walijua wimbo ni upi. Vijiko vya bati vilifichwa, chai ikakorogwa kwa kijiti. Bawaba zilitiwa mafuta kila Jumamosi. Miguu ya viti akaifunga vitambaa vya mabaki ya kiwandani.

"Vile vitambaa," Sista alisema.

"Alitwambia mama amekesha anaokoa baba za watu. Tusimwamshe."

"Nilidhani ni vya kulinda sakafu."

"Mama, hukujua? Kweli hukujua?"

"Ningejuaje," Sista alisema polepole, "na nilikuwa nimelala."

Sista alikuwa anazirudia asubuhi zake moja moja. Ile midomo iliyokuwa ikicheza. Lile la usingizi ulikuwaje, lile la tundu la paa. Alijibiwa. Siku zote hizo mtu alikuwa akimwongelesha, na yeye amenuna, anatazama kikombe. Masikio ya Fundi mitambo ilishayala nusu, hayakuweza kumwambia kama sauti yake imetoka au imebaki kooni. Mwili wake ulijua jambo moja tu, kwamba saa saba haijafika.

"Nilimwuliza swali leo," Sista alisema. "Nilimwuliza niende au nibaki. Alikwambia nini pale jikoni?"

Binti akasita. Akasema baba yake amemwomba asimzuie mama. Amesema alimjibu mkewe, na mkewe akasikia, akainuka akaenda zake.

"Alinijibu nini?"

"Sikumwuliza, mama. Jibu la mtu na mkewe si langu."

Hapo ndipo moyo wa Sista ulipoanza kwenda mbio kweli. Kabla ya hapo alikuwa na uchungu, na uchungu mtu huuzoea. Sasa alikuwa na hofu. Jibu lipo, limeshatoka, limepita mbele ya macho yake na hakulidaka. Na nani alimwambia kwamba ni jibu zuri? Kupitia dirishani alimwona Fundi amekaa kwenye kigoda uani, kiatu kimoja amekivaa mkononi kama glovu, anakipaka dawa nyeupe kwa kitambaa, anapuliza, anapaka tena. Mtu anayetaka ubaki hakung'arishii viatu vya safari. Labda alisema nenda. Labda wifi ndiye aliyekuwa na haki, na kimya kile kilikuwa ni mazoea tu ya mtu aliyependa kuishi na mke aliyelala.

Barabarani gari likasimama. Honi ikapigwa mara moja, kwa adabu.

Binti akashika begi, akamtazama mama yake, akaliacha. Akasema anakwenda kumwambia dereva asubiri, ila hatampa sababu kwa kuwa hajui ampe ipi.

Sista alitoka uani. Hakuwa amevaa viatu, na Fundi hakumsikia akija. Aliinama mbele yake, magoti yakalia kama kuni kavu, akakaa chini kabisa kwenye sementi, uso wake ukawa sawa na uso wa mumewe. Fundi alishtuka, akataka kumwinua, akaonyesha kigoda. Sista akakataa kwa kichwa. Alikitoa kiatu mkononi mwake, akakiweka kando. Vidole vya Fundi vilibaki vyeupe, vinaning'inia.

Lini mara ya mwisho alimtazama hivi? Mchana walitazamana wakila, wakiharakisha. Hapa jua lilikuwa bado changa, na lilimwonyesha mambo asiyoyajua: kovu dogo chini ya kidevu, nyusi moja iliyoota mvi kabla ya mwenzake. Ulikuwa uso wa asubuhi wa mumewe. Wanawe waliujua uso huo kuliko yeye.

"Niliuliza swali," alisema. "Naliuliza tena. Niende au nibaki?"

Safari hii hakutazama kitu kingine. Midomo ya Fundi ikafunguka, ikafumba, ikafunguka. Upesi mno. Sista hakuwa na shule ya lugha ile, alipata umbo tu, hakupata neno. Akanyoosha mkono, akaweka vidole viwili kwenye koo la mumewe, pale pale ambapo manesi hutafuta uhai.

"Sema tena."

Fundi akasema tena. Koo halikutetemeka.

"Haitoki," Sista alimwambia. "Baba watoto, sauti haitoki. Haikutoka leo, haikutoka jana, haijatoka tangu nilipostaafu. Sijasikia neno lako hata moja."

Fundi alimkodolea macho. Alipeleka mkono wake mwenyewe kooni, vidole vyeupe vikakutana na vya mkewe, akajaribu tena, na safari hii akajigusa anavyojaribu. Sista aliona vile ufahamu unavyomwingia mtu, pole pole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Aliona na aibu, na baada ya aibu, hesabu ya miezi minne ya maongezi aliyomwaga hewani. Midomo yake ikaanza kutetemeka, na sasa haikuwa inasema kitu.

Kutoka barabarani honi ikapigwa tena, mara mbili. Fundi hakuisikia, lakini alimwona mkewe akigeuza kichwa, na alijua. Alimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtu aliye karibu na mtambo unaozunguka.

Sista akamrudishia uso. "Nimeamka, mume wangu," alisema. "Humo ndani hakuna wa kumwamsha."

Fundi alitazama mlango wa chumbani kwa mazoea, akayaondoa macho hapo kwa shida, akayaleta kwa mkewe. Chini ya vidole vyake Sista alisikia koo likikwama, likigoma, likikwama tena. Kisha likaanza kutetemeka. Kwanza ulitoka mkwaruzo tu, wala si neno. Halafu ikaja yote kwa pamoja, sauti ya saa saba mchana, sauti ya kushindana na mitambo mia mbili, hadi dereva huko nje akazima injini asikie kuna nini.

"Baki," alisema. "Nimekutazama umelala miaka thelathini na mmoja. Inatosha."